Mbuzi Aliyekwenda Beni Bila Kutumwa

Yai la mwanafunzi sili. Ndizi yake sili, soda yake sinywi, na akinipakia kwenye pikipiki yake mvua ikinyesha namlipa kama ningemlipa mtu mwingine yeyote. Ninafundisha sheria ya biashara na maadili ya kazi kwenye chuo kikuu kimoja hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, na siwezi kusimama asubuhi niwaambie vijana kwamba rushwa huanza na kitu kidogo, kisha mchana wanione nikikitafuna kitu kidogo chenyewe. Wenzangu hunicheka. Husema, Antoinette, wewe hata ukikaribishwa chakula cha ubatizo utaomba fakitire ulipe. Na wacheke. Wanafunzi wangu wanajua kwamba pointi zangu hazina mlango wa nyuma, na tangu walipojua hivyo wameanza kusoma.

Kwa hiyo utaelewa hali yangu siku nilipogundua, mbele ya ukumbi uliojaa watu, kwamba baba yangu mzazi amekula mbuzi wa wanafunzi wangu. Mbuzi mzima, na supu ya kichwa juu yake.

Chanzo ni Hippolyte. Hippolyte ni Mkasai wa Mbuji-Mayi, aliyeletwa huku na serikali kufundisha fedha za kampuni. Ni mrefu, mpole, na shati lake lina mstari wa pasi hata wiki ambayo mtaa mzima hauna umeme. Tunafundisha pamoja somo moja la mwaka wa mwisho, mimi upande wa sheria na maadili, yeye upande wa fedha, na tuna projekta moja ambayo mtoto angeweza kuibeba kwa mkono mmoja, lakini sisi tuliibeba wawili kila Jumanne na kila Alhamisi. Darasa zima liliona. Nilimpenda, naye alinipenda, na sikudhani kuna mtu asiyejua jambo hilo isipokuwa baba yangu.

Shida ya Hippolyte ni kwamba anafundisha hatari za biashara na anaziamini zote. Kabla ya kununua viatu anafikiria matope, mwizi, na kwamba labda mguu utavimba. Mwaka jana nilimshawishi aende Beni kumwona baba. Nilidhani anajua mambo yanavyokwenda. Kwetu Wanande mwanamume hajiombei mke kwa mdomo wake mwenyewe. Anatuma watu, na watu hao wanazunguka, wanaongea mvua, wanaongea mashamba, wanaulizia afya ya ng'ombe wasiokuwapo, na mwisho wanafika kwenye mbuzi. Hippolyte alikwenda peke yake.

Baba yangu, mzee Kakule, hununua kakao kwa wakulima wa Mabalako na kuiuza kwa makampuni. Siku hiyo alikuwa uani akigeuza kakao kwenye turubai. Alipoona mgeni mwenye shati la pasi, bila mzee hata mmoja nyuma yake, akamchukua kuwa mnunuzi na akamtajia bei. Hippolyte wangu akaingiwa na woga, akaona haya kukataa, akarudi Butembo na gunia la kakao juu ya pikipiki. Anasema bado liko chini ya kitanda chake, na ni kweli, maana mashati yake yote yananukia kakao tangu siku hiyo.

Hakuthubutu tena. Na mimi, ambaye hasira yangu huwa karibu kuliko kibiriti, nilikataa kumsukuma. Nilisema moyoni, mficha uchi hazai, akitaka atasema. Badala ya kusema, akaomba uhamisho. Akanionyesha tikiti ya ndege: Jumamosi, kutoka uwanja wa Mavivi hadi Kisangani, na kutoka hapo kurudi kwao. Aliionyesha huku anaangalia chini, nami nikamwambia safari njema kwa sauti ninayowawekea wanaonakili mtihani. Nikafika nyumbani, nikarusha sufuria ukutani, nikakaa chini nikalia. Jumamosi ile ikipita, nimempoteza. Nililijua hilo waziwazi, na bado mdomo wangu haukufunguka.

Darasani niliendelea na kazi. Wengi wa vijana wangu walikimbia vita kutoka Kanyabayonga na vijiji vya njiani, wanalala kwa ndugu, na asubuhi wanafika kabla yangu. Sikuwa na haki ya kuwafundisha vibaya kwa sababu ya Mkasai mmoja. Muhula ule mambo mawili yalikuwa yamewachemsha kuliko mengine.

La kwanza lilikuwa kimya. Niliwaambia kwamba katika sheria anayenyamaza hajakubali, na kwamba hata aliyekubali hajakubali kama neno lake halijamfikia mwenzake. Rébecca, ambaye hukaa safu ya mbele na ambaye mama yake anauza vitenge sokoni, alisimama kubisha. Kwao, alisema, shangazi akimuuliza msichana kama anamtaka mwanamume, msichana anainamisha macho tu, na vigelegele vinapigwa. Nikamjibu kwamba sheria haisomi macho. Mtu mzima afungue kinywa, aseme, na asikike. Darasa likapiga meza kwa furaha, na tangu siku hiyo mwanafunzi yeyote akijibu kwa sauti ndogo wenzake humwambia bado hajakubali.

La pili lilikuwa kushughulikia jambo la mtu bila kutumwa naye. Nikawapa mfano wa jirani aliyesafiri Kampala, upepo ukabomoa paa lake, nawe ukapanda kulipigilia. Hakukutuma. Lakini akirudi na kusema sawa, nakubali ulichofanya, basi sheria inahesabu kwamba alikutuma tangu mwanzo, na misumari yote ni yake. Hiyo ndiyo wanaiita kuratifier, na waliipenda mno. Kwa wiki nzima hakuna aliyenunua kalamu ya mwenzake bila kutaka iratifiwe.

Ndipo nikawapa kazi ya mwisho. Kila kundi litafute mjini au vijijini makubaliano yaliyokwama kwa sababu pande mbili zinaogopana, liyasaidie kufungwa kwa haki, kisha siku ya kujitetea lilete upande mmoja ukumbini kujibu maswali yetu. Niliwakataza kuniletea hadithi za makontena ya Dubai walizozitoa kwenye simu.

Kundi la Rébecca lilichagua Beni. Manassé, mwenye sauti kubwa katika kundi hilo, alikuja ofisini kuniomba ushauri. Kulikuwa na mzee mmoja kule, alisema, mwenye mali nzuri sana, na mgeni mmoja anayeitaka mali hiyo lakini miguu inamtetemeka. Nikamwambia jambo ni zuri. Nikamwambia wamwendee mzee kwa heshima, wasiseme haraka, na wasiende mikono mitupu. Alinishukuru mpaka nikashangaa, na alipotoka nilisikia watu wakicheka kwenye korido. Sikuwa na nafasi ya kufikiria kicheko cha mtu.

Siku ya kujitetea ilikuwa Alhamisi. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa vilima, na ukumbi wetu una bati bila dari. Tulikaa kwenye meza ya jury, yaani ya watahini, mimi na Hippolyte, kati yetu chupa ya maji na tikiti ya Jumamosi ambayo hakuna aliyeitaja. Kundi la kwanza lilileta mwuza nyama, la pili mwenye nyumba za kupangisha, na wote wawili walijibu vizuri. Nikaita kundi la Rébecca. Mlango ukafunguka, akaingia baba yangu katika koti lake la Pasaka, na nyuma yake shangazi yangu Berthe, amevaa kitenge ambacho huwa hakitoki sandukuni bila harusi.

Nilidhani mama amekufa. Nilisimama nimwendee. Lakini baba alinisalimu kwa kichwa kama mtu asiyenijua vizuri, akakaa kwenye kiti cha shahidi, akaweka kofia juu ya goti. Shangazi Berthe akatafuta mahali safu ya mbele, akafuta benchi kwa leso, akakaa pia. Hapo ndipo nilipomtazama Rébecca, na Rébecca akatazama ubao.

"Prof," alisema, "partie, ule upande ya kwanza, njo huyu muzee Kakule wa ku Beni. Partie ya pili iko hapa mu jury, ile ya mukono yako ya kuume. Hatukutumwa na mutu. Tuliona paa ya jirani inaruka, njo tukapanda."

Kulia kwangu, Hippolyte aliangusha kalamu.

Akaeleza yote, kwa mpangilio, kama nilivyomfundisha. Walikuwa wamekwenda Beni wakiwa na mjomba wa Manassé, ili pawe na mvi katika ujumbe. Waliongea mvua. Waliongea mashamba. Darasa zima lilichanga, wakanunua beberu, wakamfunga nyuma ya pikipiki, na kwenye kila kizuizi askari waliuliza mbuzi ni wa nani, na Manassé akajibu ni wa profesa. Mzee alibisha kama anavyobisha kwenye kakao. Walibisha pia, mchana kutwa, na jioni mzee alishusha bei, akaagiza kisu.

Damu ilinipanda kichwani. Nilisahau kwamba niko jury, nilisahau hata Kifaransa changu.

"Papa, ulikula mbuzi ya banafunzi yangu?"

"Nilikula mbuzi ya mukwe," alisema baba bila haraka. "Ilikuwa na mafuta."

Niliwageukia vijana. Niliwaambia kwamba wametoa mbuzi kwa familia ya mwalimu wao kabla ya mwalimu huyo kuwapa pointi, kwamba jambo hilo lina jina, kwamba jina hilo nimeliandika ubaoni tangu siku ya kwanza, na kwamba wote kundi zima wana sifuri. Niliyasema kwa sauti ya juu. Nilikuwa na hasira ya kweli, na chini ya hasira hiyo nilikuwa na aibu, na chini ya aibu, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha ya kijinga iliyokuwa ikitaka kutoka kwa nguvu zote. Maji yakimwagika hayazoleki, na mbuzi akiliwa hali kadhalika. Jina langu safi lilikuwa tumboni mwa baba yangu.

Manassé aliinamisha kichwa. Rébecca aliinua mkono. Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati, tone moja moja.

"Prof, pardon, bado sijamaliza. Prof Hippolyte akiratifier, ni sawa alitutuma tangu mwanzo, njo vile ulitufundisha. Donc ile mbuzi ilikuwa yake, haikukuwa yetu, na hakuna mwanafunzi alikupatia kitu. Asiporatifier, uko na haki, utupatie zéro."

Nilitafuta kosa katika hoja hiyo, nikalitafuta kama mama anayetafuta chawa, na sikulipata. Pointi zao, jina langu, na Jumamosi yangu, vyote alikuwa amevifunga kwenye kamba moja na kuiweka mkononi mwa mtu mwoga kuliko wote katika jimbo la Kivu Kaskazini.

Hippolyte alivua miwani. Aliipangusa. Aliivaa, akaivua tena. Mimi nilitazama mbele. Sikutaka aone uso wangu, maana ulikuwa unaomba. Kisha akauliza swali, na niliposikia ni swali la fedha moyo wangu ulishuka mpaka kwenye viatu.

"Mulifanya étude ya risque?"

"Ndiyo, Prof," alisema Rébecca. "Tuliona hatari moja tu ya nguvu."

"Ni gani?"

"Ni ndege ya Jumamosi, ku Mavivi."

Sijui kama umewahi kumwona mtu mwangalifu akicheka bila kujiandaa. Ilimtoka kama kikohozi, ikamtikisa mabega, akashika meza. Halafu akasimama, akamwelekea baba yangu, akafungua kinywa. Baba papo hapo akageuza uso, akatazama ukuta. Nilifumba macho. Nikasema moyoni, sasa atanunua gunia la pili.

Lakini safari hii Hippolyte alielewa. Alifunga kinywa, akageuka taratibu mpaka akafika kwa Manassé.

"Manassé, ambia muzee ninaratifie. Yote, tangu siku ya kwanza. Na umuambie, ile siku sikukuja juu ya kakao."

Manassé alimgeukia baba, ambaye alikuwa hatua mbili kutoka hapo na masikio yake ni mazima, akamrudishia maneno yote kwa sauti ya mhubiri. Baba aliusikiliza ukuta, akafikiri.

"Umuambie nilijua," alisema. "Mununuzi wa kweli hakubaliake bei ya kwanza."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, walipiga miguu, mwuza nyama wa kundi la kwanza alisimama juu ya benchi kuona vizuri. Mimi nilimtazama baba. Mwaka mzima alijua, mwaka mzima aliniacha mpaka nikarusha sufuria, alikuwa akingoja tu watu waje kwa njia yake. Ningemkasirikia vizuri kabisa kama ningepata nafasi. Hippolyte alitoa mfukoni pesa za mbuzi, akampa Manassé mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuomba risiti.

Nilijaribu kurudisha adabu. Niligonga meza na chupa ya maji, nikatangaza kwamba najiondoa kwenye jury ya kundi hili, kwa kuwa mtu hawezi kuwa hakimu na mwenye kesi kwa pamoja, na kwamba pointi zao atazitoa Luc, mkuu wa idara. Wakapiga makofi hata kwa hilo. Nilikuwa nakusanya karatasi zangu, nikidhani mambo yamekwisha, wakati baba alipovaa kofia yake na kusimama. Baba huvaa kofia akitaka kusema jambo la ukoo.

"Mwana yangu," alisema. "Mbuzi moja ilishakuliwa, na zile zingine ziko njiani. Mbele ya hawa batu, nakuuliza. Tuendelee kukula, ao tuitapike?"

Nilitaka kujibu. Kweli nilitaka. Mimi ninayesema darasani saa tatu mfululizo bila karatasi, niliyesema mbele ya maaskofu na makanali, nilifungua kinywa na hakukuwa na kitu ndani yake. Nilimwona Hippolyte amesimama pale, mstari wa pasi kwenye mkono wa shati, jasho kwenye paji la uso, na mpaka hapo nilipokaa nilisikia ile harufu ya kakao. Macho yangu yakateremka yenyewe mpaka kwenye sakafu.

Shangazi Berthe alikuwa anangojea hicho tu. Alisimama, akatandaza kitenge chake.

"Ameinamisha macho," akasema. "Ameitika." Na akavuta pumzi kupiga kigelegele.

"Hapana," lilisema darasa.

Hawakupanga, lilitoka tu, safu zote kwa pamoja, na kigelegele cha shangazi kikafia njiani. Rébecca alikuwa amesimama, kidole juu, macho yanang'aa kama ya paka aliyeona mlango wa jiko uko wazi.

"Pardon, mama. Mwenye ananyamaza hajaitika. Prof mwenyewe njo alitufundisha. Mutu mukubwa afungue kinywa."

Nikainua kichwa. Walikuwa wananitazama wote, wale waliolala kwa ndugu, wale waliochanga mbuzi na huku hawana pesa ya kunakilisha vitini, wamekaa wima kama siku ya somo gumu, wakingoja kuona kama ninaamini ninayowafundisha. Baba alikuwa ananingoja. Hippolyte pia.

"Nakubali," nikasema.

Mvua ilikuwa imeshika bati sasa, mvua yenyewe ya Butembo, na mtu wa safu ya mwisho akaweka mkono sikioni.

"Haijafika huku, Prof. Bado haujakubali."

Basi nikapanda juu ya kiti. Nikashika bega la Hippolyte nisianguke, nikavuta pumzi, nikapiga kelele kwamba nakubali, nakubali kabisa, kwa hiari yangu, mbele ya mashahidi, kwa nguvu mpaka ukumbi wa pili walikokuwa wakifanya mtihani wa hesabu wakasikia, na msimamizi wao akaja mbio kuuliza ni nani amekubali nini.